Zima au Iache: Tarihi ya Umeme wa Ruzizi na Kompyuta za Kamanyola

Mto Ruzizi utokapo katika Ziwa Kivu, penye mji wa Bukavu, hauendi kwa upole. Hujitosa katika magenge membamba ya mawe, ukashuka kutoka kimo cha mita 1,460 juu ya usawa wa bahari hata kufikia mita 770 hivi unapoingia Ziwa Tanganyika, na sehemu kubwa ya mteremko huo huumaliza katika kipande chake cha juu, kabla haujatulia kwenye uwanda mpana wenye joto ambao mlango wake wa kaskazini ni Kamanyola. Hapo ndipo barabara ya taifa namba 5, baada ya kuacha Nyangezi na kupindapinda katika miteremko ya Ngomo ambayo madereva wa malori huiogopa, inapofika nchi tambarare na kuelekea Luvungi, Sange na Uvira; na hapo ndipo msafiri wa Bukavu aliyechagua kuizunguka Ngomo kwa kupita upande wa Rwanda anapovuka mto kutoka Bugarama na kurudi katika ardhi ya Kongo. Nchi ya Burundi nayo si mbali. Ni mahali pa njia panda, pa soko na wapagazi na wabadilishaji wa fedha, na mpaka si jambo la ajabu kwa mtu aliyezaliwa hapo.

Katika mji huu, kwenye vibanda vya kunakilia karatasi vilivyo kando ya barabara, katika shule, katika parokia na katika nyumba za watu waliojaliwa kupata kompyuta, husikika swali ambalo kwa mtazamo wa juu ni dogo mno lisilostahili kuandikiwa makala: mtu amalizapo kazi yake, aizime mashine au aiache iwake hata atakapoihitaji tena? Wako wanaoapa kwamba kuizima na kuiwasha kila siku ndiko kunakoiua, na wako wanaoiacha kwa uzito wa mazoea tu. Mimi naona swali hili lina asili ndefu kuliko wengi wanavyodhani, kwa kuwa limezaliwa na tarihi mbili zilizokuja kukutana Kamanyola, moja ya mto na nyingine ya mashine. Na asiyezijua zote mbili hufuata amri iliyotolewa kwa watu wengine, katika zama nyingine, kwa sababu zilizokwisha kuondoka.

Tuanze na moto, maana ndio uliotangulia. Kabla ya waya wa kwanza kuvutwa katika nchi hii, katika milima ya Bushi, upande wa Bukavu, kama katika uwanda wa chini, moto wa nyumba ulikuwa ni kitu cha kutunzwa wala si cha kuwashwa na kuzimwa kwa matakwa. Kuupata upya kwa kupekecha vijiti kulikuwa taabu kubwa, hususan wakati wa masika ambapo kila kuni ina unyevu. Kwa hiyo mama wa nyumba, baada ya chakula cha jioni, aliyakusanya makaa kati ya mafiga, akayafunika kwa majivu, na alfajiri akayafukua yangali hai. Nyumba ambayo moto wake umekufa usiku ilimtuma mtoto kwa jirani na kigae mkononi, naye jirani hakumnyima, kwa kuwa kesho yeye mwenyewe huenda akawa mwombaji. Ng'ambo ya pili ya mto dasturi hii ilipandishwa hadi daraja la ufalme: masimulizi ya Rwanda husema kwamba katika ua wa mwami uliwekwa moto ulionasibishwa na Gihanga, mwasisi wa ukoo wa kifalme, ukahifadhiwa kizazi baada ya kizazi bila kuachwa ufe, hata zama za Yuhi Musinga, ambaye Wabelgiji walimwondoa katika kiti mwezi wa Novemba 1931 na kumpeleka Kamembe, pale pale mkabala wa Bukavu. Watu waliolelewa na kaida ya namna hiyo walikuwa na yakini moja iliyowakaa moyoni, kwamba kilichozimwa huenda kisirudi. Nayo ilikuwa yakini ya haki, maadamu kuwasha kulikuwa na gharama kubwa kuliko kutunza.

Umeme ulipokuja haukuja kwa ajili yao. Wabelgiji, walioufanya mji wa Costermansville, ambao leo ni Bukavu, kuwa makao yao makuu katika Kivu, waliutazama Ruzizi kwa macho ya mhandisi, wakaona kwamba ziwa lenyewe ni hifadhi ya maji isiyohitaji kujengewa, nao mteremko umekwisha kutengenezwa na Mola. Yaliyobaki ni ukuta, mabomba na mitambo. Kituo cha kwanza, Ruzizi ya Kwanza, kilichowekwa Mururu karibu na mdomo wa ziwa, kilianza kutoa nguvu mwaka 1958, na baada ya mitambo mingine kuongezwa mwanzoni mwa miaka ya sabini kikafikia uwezo wa karibu megawati 29. Nguvu hiyo ilielekezwa Bukavu na Usumbura, yaani Bujumbura ya leo, kwenye viwanda na makazi ya watawala. Mkulima wa uwandani, aliyeshurutishwa kulima pamba chini ya jua la Ruzizi, aliendelea kufunika makaa kwa majivu kama alivyofanya babu yake, hali maji yaliyokwisha kuizungusha mitambo ya huko juu yakipita mbele ya mlango wake yakienda zake ziwani.

Nataka msomaji asimame kidogo hapa, kwa sababu tabia hii ya umeme kumpita mtu bila kumsalimu haikukoma na ukoloni. Shirika la taifa la umeme, SNEL, liliundwa mwaka 1970; mitambo ya Inga kwenye Mto Kongo ikafuata, ya kwanza mwaka 1972 na ya pili mwaka 1982, na kutoka huko ukavutwa waya wenye urefu wa kilomita zipatazo 1,700 hadi Kolwezi, kwenye migodi ya shaba, ukipita juu ya vijiji visivyohesabika ambavyo havikupewa hata taa moja. Hata leo, katika nchi yote ya Kongo, yenye mito ya kuweza kuiangazia nusu ya bara, mtu mmoja tu katika kila watano, au pengine zaidi kidogo, ndiye aliyefikiwa na umeme, na mashambani idadi hiyo hupungua hata kukaribia kutokuwapo.

Jina la Kamanyola lilijaliwa utukufu ambao mji wenyewe haukuupata. Mwaka 1964, wakati waasi wa Simba walipokwisha kuutwaa Uvira na kuusogelea Bukavu, palipiganwa hapo penye uwanda na mto, na Mobutu, aliyekuwa jemadari wa majeshi, alihudhuria; serikali yake baadaye ilisimulia kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyewatangulia askari na kuwapa moyo. Tangu hapo jina likasafiri: divisheni ya jeshi iliyofunzwa na Wakorea wa Kaskazini ikaitwa Kamanyola, meli ya anasa ya rais kwenye Mto Kongo ikaitwa Kamanyola, na uwanja mkubwa wa mpira wa Kinshasa, uliofunguliwa katikati ya miaka ya tisini, ukaitwa Kamanyola kabla haujabadilishwa kuwa Uwanja wa Mashahidi. Meli ile ilikuwa na taa zake na uwanja ule ulikuwa na minara yake ya mwanga, nao watu wa Kamanyola yenyewe walikuwa wakinunua mafuta ya taa kwa kikombe.

Ruzizi ya Pili ilitokana na ujirani. Kongo, ambayo wakati huo ilikuwa Zaire, pamoja na Rwanda na Burundi, ziliunda Jumuiya ya Kiuchumi ya Nchi za Maziwa Makuu huko Gisenyi mwaka 1976, na chini yake ikaanzishwa mwaka 1983 kampuni ya SINELAC, mali ya dola tatu kwa pamoja. Kituo chao, kilichojengwa chini ya kile cha kwanza, kikaanza kazi mwaka 1989, na uwezo wake ni karibu megawati 44. Ni jambo la kusifiwa, kwani katika nchi ambazo zimepigana na kushutumiana kwa miaka thelathini na zaidi, mitambo hii ilibaki kuwa mojawapo ya vitu vichache zilivyomiliki pamoja. Walakini megawati 44 zilizogawanywa kwa mataifa matatu, na miji yao mikubwa ikiongezeka watu kila mwaka, si kitu cha kutosha, na kutokana na uhaba huo ndipo ulipozaliwa mgao ambao wenyeji huuita delestaji: mtaa huu upate leo na ule kesho, saa chache usiku na kisha giza.

Hiyo ndiyo tarihi ya mto. Sasa niieleze ile ya mashine, ambayo ilianzia mbali.

Katika vita vikuu vya pili, mhandisi wa posta ya Uingereza aliyeitwa Tommy Flowers alijenga mashine ya kufumbua maandishi ya siri ya Wajerumani, nayo ikaanza kutumika Bletchley Park mapema mwaka 1944 kwa jina la Colossus. Ndani yake mlikuwa na valvu zipatazo 1,600, ambazo ni mirija ya kioo yenye nyuzi zinazowashwa kwa moto wa umeme mfano wa balbu, na wajuzi wengi walimwambia kwamba haiwezekani. Valvu nyingi kiasi hicho, walidai, zitakuwa zinaungua moja baada ya nyingine hata kazi isifanyike. Flowers alikuwa na elimu ambayo wao hawakuwa nayo. Katika vituo vya simu alikuwa ameona kwamba valvu iliyowashwa na kuachwa hudumu sana, na kwamba kinachoivunja aghalabu ni ile saa ya kupata moto na saa ya kupoa, pale uzi unapotanuka na kusinyaa kwa ghafla. Basi akashauri mashine isizimwe, na haikuzimwa. Huko Philadelphia, Marekani, waliojenga ENIAC, iliyoonyeshwa kwa watu mwezi wa Februari 1946 ikiwa na valvu karibu 18,000 na ikila umeme wa kilowati zipatazo 150, walijifunza vivyo hivyo kwa uchungu wao: kila walipoizima, walipoiwasha walikuta valvu zimekufa, wakaiacha iwake mchana na usiku.

Ndipo ilipoanza sheria ya kutozima. Ilikuwa sheria ya hekima, iliyotungwa na watu waliopima na kuhesabu, na wala sina neno nao. Valvu zilipoondoka na nafasi yake ikachukuliwa na transista, sheria ikabaki kwa sababu mpya: mashine za miaka ya sitini na sabini zilikuwa mali ya serikali na makampuni makubwa, zikifanya kazi kwa zamu usiku kucha ili gharama yake irudi. Hazikuwa kitu cha kila mtu. Tanzania, ambayo wizara yake ya fedha ilikuwa na kompyuta tangu katikati ya miaka ya sitini, ilifikia hata kupiga marufuku mwaka 1974 kuingizwa kwa mashine hizo nchini, baada ya hesabu za serikali kuvurugika. Kisha mwaka 1981 kompyuta ya IBM ya kuwekwa mezani ikaingia sokoni, na muda si mrefu zikafuata sahani za sumaku za kuhifadhia maandishi, zenye kichwa kinachosoma kikielea juu ya sahani kwa unene mdogo kuliko unywele, na kila mashine ilipozimwa kichwa kile kikatua, kila ilipowashwa kikapaa. Kutua na kupaa kulikuwa na kikomo chake. Watengenezaji wakaanza kuandika katika vyeti vyao kwamba sahani itastahimili kuwashwa na kuzimwa mara 40,000 au 50,000, nao mafundi wakaendelea kuwaambia wateja wao: usizime ovyo.

Lakini hebu tuifanye hesabu hiyo, maana haikufanywa na wengi. Mtu anayewasha kompyuta yake mara tano kwa siku, kila siku ya Mungu, itampasa aishi miaka zaidi ya ishirini ndipo atimize mara 40,000. Na ni chache sahani za namna hiyo zilizodumu hata nusu ya umri huo. Hata katika siku ambazo hofu ilikuwa na chembe ya ukweli, ukweli wenyewe ulikuwa mdogo mno kwa mtu wa nyumbani. Na tangu hapo mambo yamegeuka kabisa. Mwaka 1992 serikali ya Marekani ilianzisha alama ya Energy Star, na bidhaa za kwanza kupewa alama hiyo zilikuwa kompyuta na skrini zake, kwa kuwa ilionekana dhahiri jinsi maofisi yalivyoteketeza umeme kwa ajili ya viti vitupu. Mwaka 1996 Intel, Microsoft na Toshiba walikubaliana juu ya kanuni za kuilaza mashine usingizi na kuiamsha, ili isikae macho bila kazi. Siku hizi kompyuta mpakato nyingi hazina tena sahani inayozunguka wala kichwa kinachoelea. Kumbukumbu zake zimo katika vipande visivyosogea, ambavyo kuzimwa kwa utaratibu hakuvidhuru hata kidogo.

Sheria hiyo ya kutozima, iliyokwisha kuzeeka kwao, ndiyo iliyofika Kamanyola ikiwa ngeni na yenye heshima. Ilifika pamoja na misukosuko. Katika miaka ya 1993 na 1994 uwanda wa Ruzizi ulijaa wakimbizi wa Burundi na wa Rwanda. Mwezi wa Oktoba 1996 vita vikaanzia Uvira, na kabla mwezi haujaisha Bukavu nayo ilikuwa imeanguka. Baada ya hapo wakaja askari wa Umoja wa Mataifa na mashirika ya misaada, na kila ofisi ya watu hao ilikuwa na jenereta ua wa nyuma, kompyuta mezani, na mafuta ya dizeli ambayo hapana aliyeyalipia kutoka mfukoni mwake. Huko mashine ziliwaka kutwa kucha, na vijana walioajiriwa kuwa makarani na walinzi wakaona kwamba hivyo ndivyo kompyuta inavyotunzwa. Makampuni ya simu za mkononi yalipofika Kongo ya mashariki baada ya mwaka 2000, minara yao ikawaka bila kuzimwa, na vibanda vya kuchaji simu na kunakili karatasi vikaota barabarani. Na yule kijana aliyekuwa karani wa shirika ndiye aliyefungua kibanda, akaja na ada aliyoikuta kule.

Papo hapo ikakutana na ile yakini ya kale, kwamba kilichozimwa huenda kisirudi, ambayo mgao wa umeme uliipa nguvu mpya. Katika nyumba ambayo umeme huja bila taarifa na kuondoka bila kuaga, watu huacha swichi zote zimewashwa, taa, redio, pasi, friji na kompyuta, ili umeme utakaporejea usipotee hata dakika. Na urejeapo usiku wa manane, mtaa mzima huamka kwa mara moja, watoto wakashangilia, na wenye simu wakakimbilia waya. Nani atawalaumu? Ni hekima ya mwenye uhaba, na mimi siandiki kumdharau mtu aliyefanya hivyo. Lakini katika saa ile ya furaha ndimo kompyuta nyingi za Bukavu na za uwandani zilimofia.

Sababu yake si ya ghaibu. Umeme ukatikapo katika mtaa ambao kila kitu kimeachwa kimewashwa, vitu vyote hivyo hubaki vikingoja. Urudipo, mota za friji na mashine za kusaga, pasi na majiko, huvuta nguvu kwa mara moja, na mota inapoanza kuzunguka huvuta mara kadhaa ya kiasi inachohitaji ikishashika mwendo. Volti 220 zilizotarajiwa hushuka ghafla, kisha baadhi ya mitaa inapokatika tena au mizigo inapopungua, hupanda kupita kiasi, zikacheza hivyo kwa dakika chache kabla hazijatulia. Sehemu ya kompyuta inayopokea umeme, yaani kile kisanduku chenye feni mgongoni, ndiyo inayopigwa na mawimbi hayo. Lau mashine ingekuwa imechomolewa, isingeyajua. Mwenye nyumba anayesubiri robo saa baada ya umeme kurudi ndipo achomeke plagi yake hapotezi kitu, na anayeacha swichi imewashwa ili asikose dakika moja huenda akakosa mwaka mzima, kwa sababu kununua nyingine si jepesi.

Kuna pia adui wa pili, ambaye nchi hii imepewa fungu lake kuliko karibu nchi zote za dunia. Wanachuoni waliotumia satelaiti kuhesabu miale ya radi kwa muda wa miaka kumi na sita, wakatangaza matokeo yao mwaka 2016, waliona kwamba baada ya Ziwa Maracaibo la Venezuela, ambalo ndilo la kwanza, mahali pa pili kwa wingi wa radi ulimwenguni ni karibu na Kabare, hapa hapa Kivu Kusini, penye miale zaidi ya 200 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka. Wilaya ya Kabare ni jirani wa ile ya Walungu, na Kamanyola imo katika Walungu. Radi haina haja ya kuipiga nyumba. Ipigapo waya ulio mbali, nguvu yake husafiri na kuingia kila palipo plagi. Swichi iliyozimwa haiizuii, kwa kuwa mwanya mdogo wa swichi si kitu kwa radi. Kwa hiyo, wakati wa masika mawingu yanapojikusanya juu ya milima ya Nyangezi, kuzima peke yake hakutoshi; ni kuchomoa, na kuchomoa waya wa antena pia.

Na wale ambao hawaungojei umeme wa mto, wakaweka vioo vya jua juu ya bati, nao wana hesabu yao, ambayo ni kali zaidi. Betri ya kawaida ya volti 12 na ampea 100 kwa saa ina, ikiwa mpya na imejaa, wati-saa 1,200. Na mwenye kutaka imdumu hapaswi kuteka zaidi ya nusu yake. Kompyuta ya mezani pamoja na skrini yake, ikiachwa iwake bila kazi, hula wati 70, 80, au 100, kwa hiyo kati ya saa mbili usiku na saa mbili asubuhi itakuwa imeteketeza zaidi ya kile ambacho betri ile inaweza kukitoa kwa usalama, nayo nyumba itaamka gizani pasipo mtu hata mmoja kuandika herufi. Kompyuta mpakato, iliyolazwa usingizi, hula wati moja au mbili tu, na hilo lavumilika. Lakini iliyoachwa wazi, na waya wa kuchaji umo ndani daima, katika joto la uwanda na vumbi la kiangazi linaloziba feni, betri yake huzeeka haraka, kwa kuwa betri za lithiamu huchukia mambo mawili kwa pamoja, kujazwa hadi pomoni na kukaa katika joto. Mtu wa Bukavu, aliye juu ya mita 1,500 penye baridi ya ziwa, anaweza kupuuza jambo hili. Mtu wa Kamanyola hawezi.

Sikatai kwamba ziko mashine zisizopaswa kuzimwa. Kompyuta ya hospitali yenye daftari za wagonjwa, mitambo ya mnara wa simu, mashine inayotumiwa na wengi kwa wakati mmoja, hizo zahitaji kuwaka, nazo zapaswa kuwekewa betri za akiba na vifaa vya kusawazisha umeme na mtu wa kuzichunga. Pia sikatai hoja ya wale wasemao kwamba programu hujirekebisha usiku, mtandao ukiwa mwepesi na vifurushi vya usiku ni rahisi. Hoja hiyo ni ya kweli, walakini usiku mmoja kwa juma watosha, na mwenye mashine awe macho. Kwa nyumba ya kawaida, kwa mwanafunzi, kwa mwalimu anayetayarisha mitihani, kwa mwenye kibanda aliyefunga mlango na kwenda kulala, insafu yanionyesha hukumu moja tu: aizime kwa utaratibu wake, angoje ikae kimya, kisha achomoe plagi ukutani.

Lakini si haki kumtwika mwenye nyumba taklifu yote peke yake. Ruzizi ya Kwanza yenyewe, ambayo sasa imepita umri wa miaka sitini, imekuwa ikisimamishwa na taka za plastiki zinazotupwa katika Ziwa Kivu na kukokotwa hadi penye mitambo, kwa hiyo chupa inayotupwa mtaroni Bukavu huzima taa za Bukavu hiyo hiyo. Ruzizi ya Tatu, iliyozungumzwa kwa miaka mingi, ambayo awali ilikadiriwa kutoa megawati 147 na sasa 206, imekusudiwa kujengwa chini ya ile ya pili, katika mapito yale yale ya mto kuelekea Bugarama na Kamanyola, na umeme wake kugawanywa kwa nchi tatu. Mwezi wa Februari 2025 vita vilipita tena hapo, waasi wa M23 wakiutwaa Bukavu na siku chache baadaye Kamanyola, na kila mtu anafahamu kwamba ujenzi haupendi mizinga. Hata hivyo mto haujaacha kushuka, na siku ya kujenga itakuja.

Basi kwa wale watakaokuwa na madaraka siku hiyo, wawe wa dola yoyote kati ya tatu, nina ombi lisilohitaji fedha nyingi. Kabla nyaya mpya hazijavutwa kwenda miji ya mbali, wekeni transfoma kwa ajili ya Kamanyola, ambayo imetoa jina lake kwa jeshi, kwa meli na kwa uwanja, nayo haijalipwa. Na maadamu mgao utaendelea, utangazeni kwa saa zake katika redio za Bukavu na Uvira, saa ya kukata na saa ya kurudisha, na mzishike saa hizo, ili mtu ajue lini achomoe na lini achomeke, asilazimike tena kuziacha swichi zikiwa wazi usiku kucha akiungoja umeme wa mto unaopita mlangoni pake.